Goti Jipya la Bibi na Salamu ya Muleba

Babu yangu amezikwa Muleba, nyuma ya nyumba ya kaka yake mkubwa, katikati ya migomba. Kufika kaburini lazima upite uani kwa huyo kaka, na uani kwa mtu mzima hupiti bila kumsalimu. Kwetu mwanamke akimsalimu mkubwa wake hupiga magoti. Goti la kulia la bibi lilipokataa kukunja, alianza kumsalimu shemeji yake akiwa amesimama, na mzee akawa haitikii. Hakumfukuza wala kumtukana. Aliitazama tu migomba, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Salamu isipoitikiwa huwezi kuendelea na safari yako kana kwamba imeitikiwa. Bibi aligeuka, akarudi kwetu Kibeta, mjini Bukoba, na kwa miaka hakuliona tena kaburi la mume wake.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na maoni mengi kuhusu kupiga magoti. Niliyasema tukiwa mezani.

"Kwa nini asipige yeye?"

"Nani?"

"Huyo mzee."

Bibi alimalizia kwanza tonge lake la ndizi. "Apige, amsalimu nani? Wote waliomzidi umri wamelala."

Hoja yangu iliishia hapo. Niliikasirikia kwa siku kadhaa.

Kisha shangazi, binti yake bibi, ambaye kazi ilimpeleka India akaolewa hukohuko, alipiga simu. Alisema katika mji wake kuna hospitali ambako madaktari hubadilisha magoti wakisaidiwa na roboti, na kwamba yeye na mumewe wameshapanga kila kitu. Habari ilitoka Kibeta ikafika Kahororo kabla sijakata simu. Jumapili ile jumuiya yetu ilikuja kusali nyumbani, na mwenyekiti akataka kwanza kujua tunamwombea nani: bibi, daktari au mashine.

"Mashine haiombewi," nilisema.

"Kwa nini? Si ndiyo itakayoshika msumeno?"

Tukawaombea wote watatu, mashine mwisho. Na kutoka Muleba ukaja ujumbe, umeletwa na mnunuzi wa kahawa ambaye hakuona chochote cha ajabu ndani yake: mzee anasema, huko mwendako, mwambieni fundi aweke goti linalokunja.

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Ndipo nilipoelewa kwamba yeye na mzee, watu wasiosalimiana, walikuwa wameagiza kitu kimoja.

Huko India, hospitali ilikuwa na baridi kama ndani ya jokofu. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vya raba, na alizungumza Kiingereza. Mimi nilimtafsiria bibi kwa Kihaya. Kwenye skrini goti lake lilizunguka taratibu, limetengenezwa upya kutokana na picha walizompiga, na daktari akatuonyesha mahali mfupa ulipolika. Alieleza kwamba yeye ndiye atakayekata, ila mkono wa roboti utaushika msumeno pamoja naye, na akijaribu kuvuka mpaka waliouweka kwenye kompyuta, mkono utakataa.

Kihaya changu hakikuwa na neno la roboti. Nilisema mashine yenye mkono.

"Mmoja?" bibi aliuliza.

"Mmoja."

"Maskini."

Nilikuwa na maswali yangu. Umeme ukikatika? Wana jenereta. Mpaka ukiwekwa vibaya? Ndiyo maana yeye yupo. Kama yeye yupo, mashine ya nini? Kama mashine inajua, yeye wa nini? Daktari alijibu yote, kila jibu fupi kuliko lililotangulia, mpaka bibi akanigusa mkono.

"Mwambie atusamehe. Wewe ulisomeshwa."

Nililitafsiri hilo pia. Daktari alicheka, kisha akatusomea mambo ambayo bibi ataweza kuyafanya akipona: kutembea, kupanda ngazi, kuogelea, kucheza gofu.

"Gofu ni nini?"

"Unapiga kampira kadogo kwa fimbo, kanakwenda mbali, kisha unakafuata."

"Ukikapata?"

"Unakapiga tena."

Bibi alimtazama daktari kwa huruma ileile aliyoionea mashine. "Muulize kupiga magoti."

Niliuliza. Daktari alisema goti litakunja vizuri, lakini kuliwekea uzito chini ni jambo jingine. Wapo wanaoweza, wengi hawapendi, na kwa mama wa umri huu yeye hashauri. Alitaka kujua kama ni kwa ajili ya sala. Nilisema ni kwa ajili ya shemeji. Akaangalia skrini, kana kwamba huenda shemeji yumo humo mahali fulani.

Nilijikuta nikimbembeleza. Mimi, mwenye maoni yangu. Hata kidogo tu? Hata kwenye mto? Hakuna namna ya kuiambia mashine? Mashine inajua mfupa, alisema, haijui sakafu.

Nilimtafsiria bibi neno kwa neno. Alilivuta gauni lake likafunika lile goti la zamani, kama unavyomfunika mtoto watu wasimseme.

"Basi nitembee kwanza," alisema. "Mengine yatatukuta njiani."

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake walimsimamisha, naye akalia, akamtukana mtaalamu wa mazoezi kwa Kihaya safi. Nilitafsiri kwamba anashukuru.

Tulirudi Bukoba, na miezi ilipita ya kukunja na kunyoosha kitandani. Siku moja asubuhi bibi alivaa gauni lake la gomesi la kwenda misani akasema twende Muleba.

Mzee alikuwa uani, kwenye kiti chake, mikono juu ya mkongojo. Bibi alikatiza ua mzima bila fimbo, akasimama mbele yake.

"Osibire ota, waitu," alimsalimu: umeshindaje, mzee wetu.

Mzee aliitazama migomba. Nilianza kutayarisha hotuba.

"Fundi hakuweka la kukunja?" aliuliza mwishowe, akiniuliza mimi.

"Linakunja, babu. Halitakiwi kugusa chini."

"Nani kalikataza?"

"Daktari."

"Na ile mashine?"

"Mashine haina maoni."

"Ni la chuma?"

"Chuma na plastiki."

"Lilizaliwa wapi?"

"Sijui. Kiwandani, ng'ambo."

Aliinama, akalikazia macho goti la bibi, akaligonga kidogo kwa ncha ya mkongojo, kama mtu anayebisha hodi. Bibi hakusogea.

"Hili si la kwetu," mzee alisema. "Ni mgeni. Nani aliwahi kuona mgeni anapigishwa magoti siku ya kwanza?" Akamwita mkwe wake alete akamwani, zile kahawa za kutafuna ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Bibi alipewa kiti. Mzee akampa kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na akiwa bado ameinamia goti, akaitikia salamu.

Sijui hadi leo alilijibu goti au alimjibu bibi. Nilitaka kuuliza. Bibi alinikanyaga kwa mguu mpya.

Walitafuna kahawa. Mwishowe bibi alisema migomba haijapunguzwa majani, mzee akasema watu wa mjini wana macho makali, na baada ya hapo waligombana vizuri kabisa mpaka jua likasogea.

"Nenda umwone mwenzio," mzee alisema. "Huyu akubebee kiti."

Nilibeba kiti. Mzee alifuata nyuma kwa mkongojo, akidai anakagua majani. Pale kaburini bibi alishika mgongo wa kiti, akasita, akalitazama goti lake, kisha akatutazama sisi.

"Huyu naye sijampigia magoti," alisema.

"Keti," mzee alisema. "Huyo hata ukipiga haitikii."

Bibi aliketi. Akaanza kumsimulia mumewe habari za mashine yenye mkono mmoja, na shemeji yake, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa mkoa, akawa anamsahihisha.