Kihamba Nilichokiweka Kwenye Mabano

Nilirudi Moshi kwa sababu ya mabano mawili, na mabano yenyewe niliyaweka mimi.

Kwa wasioijua kazi yangu: mimi ni mwandishi wa taarifa rasmi. Kamati ya Bunge ikienda mikoani kusikiliza maoni juu ya sera fulani, waheshimiwa hukaa meza kuu, wananchi hukaa kwenye viti vya plastiki, nami hukaa pembeni na mashine ya kurekodi, masikio nimeyaziba kwa spika za masikioni. Kisha narudi Dodoma, nasikiliza upya, naandika kila kilichosemwa. Zaidi ya miaka ishirini nimesikiliza watu. Kuzungumza nao ndiyo sikuwahi. Marehemu mke wangu alikuwa akinitania kwamba hata nyumbani sizivui zile spika. Sasa ni mwaka wa tatu hayupo, na hakuna wa kunitania.

Miezi miwili kabla ya safari hii, kamati ilikaa Himo kupokea maoni juu ya sera ya ardhi. Akasimama mjane mmoja wa Kilema, Mama Yustina, mtu mzima mwenye sauti kavu. Alisema hivi: "Mume wangu aliacha kihamba. Shamba nimewaachia shemeji zangu, walime, wale. Kihamba siachi." Watu wakapiga makofi.

Sasa mimi ni mtu wa Nachingwea. Kwetu shamba ni shamba, liwe la mikorosho, liwe la mbaazi. Nikajua kihamba ni Kichagga cha shamba, basi, kwa ujuaji wangu, nikaandika: "Mume wangu aliacha kihamba (yaani shamba). Shamba nimewaachia shemeji zangu, walime, wale." Ile sentensi yake ya mwisho, "Kihamba siachi," nikaiona inapingana na iliyotangulia. Nikasema moyoni, bibi wa watu ulimi umeteleza, tumsitiri. Nikaifuta. Tena nilijipongeza, jamani!

Rasimu ikarudishwa kwa wananchi waihakiki, ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na namba yangu ya simu chini yake. Jumanne moja nikapigiwa simu.

"Wewe ndiye umeandika nimeacha kihamba?"

Nikamuuliza ni nani. Akataja jina. Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto, kwamba shamba ni la mahindi, liko chini tambarare, mwendo wa saa nzima. Kihamba ndiyo nyumbani. Ndiyo migomba, kahawa, ng'ombe wa ndani, na kaburi la mume wake. "Shemeji yangu Deo ametoa nakala ya karatasi yako. Jumamosi ukoo unakaa kwangu. Wanataka niende Mwanza kwa binti yangu, kihamba apewe mtoto wa Deo ajenge. Shahidi wao ni wewe."

Mkuu wangu wa kitengo hakunigombeza. Alitia sahihi karatasi ya marekebisho siku ileile, akaniruhusu kunakili sauti, akasema itatumwa wilayani kwa utaratibu. Utaratibu ungefika Jumatatu. Nikaomba likizo.

Alhamisi alfajiri nikapanda basi Dodoma. Kondoa, Babati, Arusha: siku nzima dirishani. Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja mpaka Babati, tukasalimiana, akalala. Aliposhuka akaja kijana aliyeangalia simu yake mpaka Arusha. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani ya kumwambia Mama Yustina, nikairudia mpaka ikaniudhi. Bomang'ombe basi lilisimama, watu wakashuka kununua ndizi na kupokewa na ndugu zao. Nilinunua ndizi nami, nyingi kupita kiasi, maana nilikuwa sijazoea kununulia mtu mmoja.

Jioni nikafika Moshi, nikapata chumba Majengo kwa Bi Zuhura, mjane mcheshi, baba yake Mpare na mama yake Mnyamwezi, mwenye nyumba ya kupangisha nyuma ya duka la fundi cherehani. Ijumaa alinikuta uani nimekaa na karatasi yangu, akauliza nimefuata nini Moshi. Nikamsimulia.

"Aisee, kaka! Umemtoa mtu kwenye kihamba kwa mabano?"

"Sikukusudia, dada."

"Aliyekusudia ni nani? Mimi nimezaliwa hapahapa Majengo, sina kihamba wala babangu hakuwa nacho, lakini najua huwezi kumchezea Mchagga na kihamba. Wakifa Dar wanarudishwa kuzikwa palepale." Akaniletea chai ya tangawizi, akaniangalia. "Na wewe kwenu ni wapi? Ukifa unapelekwa wapi?"

Nikacheka, nikasema sijafikiria. Uongo. Mke wangu nilimzika Dodoma, kwenye makaburi ya manispaa, kwa kuwa sikujua pa kumpeleka. Bi Zuhura alichukua kikombe, akaniambia nisichelewe kulala.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Himo, kwenye njia panda ya Marangu na mpakani. Niliupita ukumbi tuliokaa siku ile. Ulikuwa umefungwa, viti vimepandishwa juu ya viti. Nikapata gari la kunipandisha hadi karibu na parokia, kutoka hapo nikatembea. Kilema ni mgomba juu ya mgomba, kahawa chini yake, na maji ya mfereji yanapita kando ya njia. Mlima wenyewe haukuonekana, ulikuwa ndani ya mawingu. Kila niliyemwamkia alijibu na kuuliza naenda kwa nani. Nikisema kwa Mama Yustina, walinitazama tena, wakanielekeza.

Nilimkuta anapepeta ulezi uani. Pembeni kulikuwa na pipa la mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, na vibuyu vya kunywea vimepangwa.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye yule mwandishi."

"Marahaba." Akanitazama viatu, akanitazama uso. "Nilidhani wewe ni kijana. Karibu. Kwanza ule."

Ile hotuba yangu yote ikapotea. Akanipakulia mtori wa ndizi na nyama, akaketi kunitazama ninavyokula. Nilipomaliza akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lenye saruji na msalaba mweupe, katikati ya migomba. "Huyu ni Valeriani," akasema, kama anayetambulisha mtu. "Hii pembeni ni nafasi yangu." Nilimwonea wivu, nakiri. Alikuwa anajua pa kulala.

Saa nne ukoo ukawa umefika, watu kama ishirini, wakaketi kwenye mabenchi uani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Aloisi, baba mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya sufu. Deo nilimtambua bila kuoneshwa: mtu mrefu, mikono imechanika kwa majani, na kwenye mfuko wa koti ile rasimu imekunjwa mara nne.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Mzee Aloisi. "Tumesikia umetoka Dodoma. Sema."

Nikasoma marekebisho. Mzee akayapokea, akaigeuza karatasi pande zote.

"Hii ina mhuri. Ile ya Deo nayo imetoka kwenu hukohuko. Tuamini ipi?"

Basi nikatoa simu, nikawawekea sauti. Ukumbi wa Himo ukasikika pale kwenye migomba, mtu akikohoa, kiti kikiburuzwa, kisha yule mama: "Shamba nimewaachia shemeji zangu, walime, wale. Kihamba siachi." Na makofi.

Deo akafungua karatasi yake, akaweka kidole. "Mbona huku haipo?"

"Niliifuta mimi."

"Kwa nini?"

Nimewasikiliza mawaziri wakibanwa na kamati, nikawaona wakinywa maji kabla ya kujibu. Sikuwa na maji. "Nilidhani mama amekosea kusema."

Mama Yustina alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nilikosea kusema?"

"Hapana, mama. Mimi sikujua kihamba ni nini, na sikuuliza. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mzee Aloisi alivua kofia, akaivaa tena, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakupatikana. Akasema kihamba kinabaki kwa Yustina mpaka Mungu atakapomwita, na Mwanza ataenda kutembea tu akipenda. Nilitaka hata kupiga makofi.

Ndipo Deo akasimama. Hakupandisha sauti.

"Ni sawa. Ni haki yake, nami nimesikia kwa masikio yangu. Lakini tangu kaka afe, majani ya ng'ombe wa nyumba hii nakata mimi. Kila siku. Mfereji nasafisha mimi. Siku niliposoma pale ubaoni nilikaa chini, jamani. Sikufurahia udongo. Nilidhani shemeji amesema mbele ya wakubwa kwamba ameniona." Akaikunja karatasi, akaiweka juu ya benchi. "Kumbe ni mwandishi alikosea."

Akatoka. Mke wake akamfuata, kisha vijana wao, kisha wengine mmoja mmoja, kila mmoja na sababu: huyu ana mgonjwa, huyu anawahi gulio. Mzee Aloisi alionja mbege funda moja kwa adabu, akaaga naye. Mpaka saa sita uani tulibaki wawili, na mabenchi.

"Ungemwita, mama," nikasema. "Umwambie asante."

"Nilidhani anajua." Alikuwa anatazama njia. "Mtu akikukatia majani miaka yote hiyo, unamwambia asante kila siku? Si ni wa nyumbani?"

Akachota kibuyu, akanipa. "Kunywa, mwandishi. Nilipika ya watu ishirini."

Nilikunywa nilivyoweza. Ilikuwa nzito na chachu. Kisha nikamsaidia kurudisha mabenchi kwa jirani, safari tano, hatukuongea sana. Ng'ombe alipoanza kulia bandani, akachukua mundu akaenda mwenyewe. Nilimfuata nikambebea mzigo wa majani, nikaumwaga nusu njiani. "Aika," akanishukuru kwa Kichagga, akaokota niliyoyamwaga.

Jumapili nikarudi. Bi Zuhura alinifungia maandazi, akauliza yule mama amepata kihamba chake? Nikasema amekipata. Akashangilia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Sikuwa na nguvu ya kumsimulia yaliyobaki. Njiani kurudi Dodoma kiti cha pembeni kilikuwa kitupu mpaka Babati, nikaweka mfuko wangu pale.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekipata nimechelewa. Nilikuwa naamini kazi yangu ni kuandika vizuri. Sasa nikikutana na neno nisilolijua, napiga simu kwa aliyelisema, hata akiwa Kigoma ndani huko, nauliza: mama, baba, ulikuwa na maana gani? Wengi hushangaa kupigiwa. Hunieleza hata nisiyouliza, watoto wao, magoti yao, kisha hukata simu, nami hubaki na spika masikioni. Marekebisho yaliingia kwenye taarifa ya kamati, neno kwa neno, bila mabano. Lakini asante ya Mama Yustina kwa shemeji yake haikuwamo kwenye sauti ile, na mimi siwezi kuandika kisichosemwa.

Mmoja tu, Mama Yustina, ndiye anayenipigia yeye mwenyewe, kila Jumapili baada ya misa. Huniuliza nimekula nini. Nami humwambia wali, hata kama sijapika. Jumapili iliyopita nilimuuliza majani ya ng'ombe anakata nani siku hizi, akasema anakata mwenyewe, polepole. Nikamuuliza kama ameshakwenda kwa Deo, au Deo amepita japo kumjulia hali.

Nikasikia kuku wake.

"Bado," akasema.