Kisanduku cha Madame kimejaa tumbako

Jina langu mulifiche, bwana yangu anasomaka ukurasa huu. Niko mama wa myaka makumi tatu na inne, batoto batano, hapa Vulamba. Masomo niliachia darasa la tatu, munisamehe maandiko.

Mbele ya uhuru nilikuwa ninafua nguo kwa Madame mumoja wa Beni. Siku bazungu bakikimbia, alinipatia kisanduku chake cha poda. Kidogo, kinaenea mukononi. Ni jiwe la kijani la Katanga, malachite, na juu ya kifuniko kasuku mwekundu. Alisema kasuku ni corail, kitu kinaota ndani ya bahari, na fundi wa bijoux, mapambo ya kuvaa, kule kwao alimuchonga unyoya kwa unyoya.

"Ni cha mama yangu. Unichungie mpaka nirudi."

Niliapa.

Vita ya barebelle, baasi, ilipofika, mutu akikutwa na kitu cha muzungu, amekufa. Nilikifunga katikati ya mugongo wangu na mutoto, tukatembea mpaka Kirumba, kasuku ananidonoa kila hatua. Hakuna rebelle hata mumoja alikiona. Tuliporudi, nilikificha chini ya mihogo.

Sasa musikie bwana yangu. Tulienda kupeleka mahari ya mudogo wake wa kiume. Barebelle walikula mbuzi zetu, donc tulifika na mbili za kukonda. Baba ya binti akacheka mbele ya banaume wote: "Hizi ni mbuzi ao ni bivuli vya mbuzi?" Bwana yangu, kwa haya, akatoa kisanduku mufukoni. Miye nilikuwa jikoni na bamama, nilisikia tu makofi.

Njiani ya kurudi bwana yangu akanieleza, nikamuuliza: "Lakini, Baba, ulikitoa wapi?"

"Chini ya mihogo yako. Madame alishakufa kule kwao. Unachungia mizimu?"

Madame hakufa. Ameandika barua: Jumamosi anafika.

Nilikimbia kwa muzee, baba ya binti. Akanifungulia kisanduku na heshima yote, ndani tumbako! "Nusa kidogo, mama. Ni zawadi ya bakwe zangu." Nikanusa, nikarudi mikono mitupu. Kwetu, kuomba kitu cha mahari kirudi ni kurudisha bibi kwao, na binti iko na mimba ya miezi sita. Ananiita mama, ananitekea maji.

Bwana yangu anasema: "Umuambie barebelle walikiiba, kwisha." Rahisi kwake! Si yeye aliapa.

Nimechoka, wapendwa. Nikisema kweli, Madame ataenda kukidai kwa muzee, ninavunja nyumba ya binti. Nikidanganya, nitamuangalia Madame machoni namna gani, na alama ya kasuku ingali mugongoni mwangu? Mungekuwa miye, Jumamosi mungefungua mulango na neno gani?