Fundi Cherehani na Neno la Kuvumilia

Simu ilipoleta habari kwamba mkwewe amempiga binti yake hadi kufa, mguu wa fundi uliendelea kukanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Miaka yote, kila mteja aliyemjia na alama za kipigo, fundi alimshonea gauni la mikono mirefu bila kuuliza kitu, akimnong'oneza tu, "Vumilia, mwanangu. Mama alipigwa, nami nilipigwa, na nyumba zetu zikasimama." Binti yake aliporudi nyumbani na jicho limevimba, aliambiwa hayo hayo, akasindikizwa kwa mumewe.

Msibani wifi yake alimkumbatia. "Jikaze, wifi. Ni kazi ya Mungu."

"Mungu hakumpiga, wifi," akajibu.

Kisha akaingia chumba alicholazwa marehemu, akamwosha mwanawe kwa mikono yake, akamwombea, akambusu kwenye paji la uso, akawaruhusu waombolezaji wamchukue kwenda kumzika.