Fomu Niliyomjazia Neema

Mimi ni fundi wa mitambo ya umeme kutoka Mwanza, nimeletwa Kisangani kwa kibali cha miaka miwili. Mke wangu Neema ni mkunga. Kituo kimoja cha afya hapa mtaani Kabondo kilikubali kumwajiri, mradi naye apate kibali chake cha kazi.

Fomu ilikuwa ya Kifaransa. Neema alitaka tumwombe jirani atusomee, nikamwambia Kifaransa nakijua. Kwenye swali moja niliona neno "travailler". Linafanana na neno la Kiingereza la kusafiri, basi nikaamini wanauliza kama mke wangu atasafirisafiri. Nikaandika "non", nikajiona mjanja.

Kibali hakikutoka, na Neema alikaa ndani miezi minane. Kituo kilichoka kungoja, kikachukua mkunga mwingine. Kila alipolia, niliilaani ofisi ya vibali, nikisema wanatuonea kwa kuwa ni wageni. Wiki iliyopita nilikwenda naye huko, nikafoka mbele ya foleni nzima.

Mama wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili letu.

"Papa, pole. Hapa tuliuliza kama bibi yako atatumika kazi. Mulijibu hapana. Bon, tungemupa kibali ya nini?"

Nikasema kwa sauti kwamba kuna mtu aliyebadilisha fomu yangu.

Neema akaivuta ile karatasi, akaitazama.

"Huu ni mwandiko wako, Juma," akasema. "Miezi minane yote ulikuwa unamlaani nani?"