Sauti ya Pili Imepanda Basi

Nakumbuka Jumatatu moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hata leo nikishika ufagio asubuhi hunijia. Nakusimulia kwa sababu tangu mama yako aliyekuja kukutembelea apande basi leo alfajiri nakuona: unashika simu, unaweka, unashika tena. Kaa hapa. Duka ni langu, wateja wa ndoo watangoja.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya soko, hapahapa Kariakoo, kwa Bi Mwanahawa, mama wa pwani aliyezaliwa kwenye nyumba ile ile. Mama yangu alikuja kutoka Rombo kunisalimia, na mkungu wa ndizi mshare, zile za kupika za kwetu, kichwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilipona kweli. Kila jioni tulipoosha vyombo uani tuliimba nyimbo za kwaya ya kwetu, mimi sauti ya kwanza, yeye sauti ya pili. Hata wapangaji waliokuwa wananuniana walizima redio zao wasikilize.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza stendi kabla hakujakucha. Niliporudi nikakuta kikombe chake na kanga aliyolalia. Sisi wa milimani uchungu tunaumaliza kwa kazi, basi nikachukua ufagio nikafagia chumba chote hadi kizingitini. Bi Mwanahawa akatokea. Nikamwamkia shikamoo. Alikuwa anatazama zile taka.

"Umefagia? Mamako hata Chalinze hajafika."

Akanieleza kwamba kwao msafiri akitoka nyumba haifagiwi mpaka afike, usije ukafagia nyayo zake akapotelea njiani. Nilicheka, lakini cheko la mdomoni tu. Nikajiambia, mimi binti wa kanisani, ufagio unanihusu nini? Lo, mwanangu, hofu haiulizi dini. Siku nzima kwenye kiduka changu cha vyombo mteja akitaka beseni nampa jagi. Jioni, saa ya basi kufika Moshi, nikapiga simu ya mama. Haipatikani. Nikampigia kaka yangu aliyekuwa anamsubiri stendi, akasema basi halijaonekana, na hakuna anayejua liko wapi. Niliamini kabisa kwamba nimemfagia mama yangu.

Nikafunga duka, nikarudi chumbani, nikaweka kanda ya kwaya, sauti juu kabisa. Nilitaka inifariji. Kumbe kanda ile ilijaa sauti za watu wote, ila ya mama haimo, maana ilirekodiwa wakati yeye anauguza mgonjwa. Kila wimbo ukaniongezea kilio. Bi Mwanahawa alipomaliza kuswali magharibi akaingia bila hodi, akazima redio. Ujanani alikuwa mwitikiaji kwenye taarabu, kwa hiyo mambo ya sauti huwezi kumdanganya.

"Kilio huanza mfiwa," akasema. "Wewe umefiwa na nani?"

Nikamtajia ufagio. Nadhani alijutia maneno yake. Akasema jambo lile ni adabu ya kumwekea msafiri nafasi yake, wala si la kumtoa mtu roho. Kisha akaniuliza naimba sauti ipi, nikamjibu ya kwanza.

"Basi imba yako. Ya mama muachie mwenyewe, mdomo anao."

Akageuza sinia, akalipiga kwa vidole, taratibu. Nikaanza, sauti ikikatika. Tulipofika pale ambapo sauti ya pili hujibu peke yake, nikanyamaza nikangoja. Sinia likaendelea. Hofu haikuondoka, nisikudanganye, lakini nilianza kuvuta pumzi. Tukarudia wimbo, na tukarudia tena.

Simu ikalia, namba ngeni. Alikuwa mama. Basi liliharibika karibu na Same, simu yake ikaisha chaji, na sasa ameshuka Moshi na, kabla hata hajamwona kaka, ameazima simu ya konda. Mimi nalia, yeye anacheka.

"Nimeimba njia nzima," akasema. "Jirani yangu kwenye siti akaniuliza, mama, mbona wimbo wako hauna kichwa? Nikamwambia kichwa nimekiacha Kariakoo."

Mwanangu, ukimkumbuka mtu wako usijaze nafasi yake kwa makelele, wala usimlilie angali hai. Imba sehemu yako, kisha nyamaza pale anapojibu yeye. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki, na Bi Mwanahawa pia. Bado nikiosha vyombo naimba ya kwanza, na nikifika pale, nangoja.

Sasa nenda kahudumie wateja. Ufagio usiuguse mpaka mama yako apige. Najua mimi ni wa kanisani, usinicheke. Mungu amfikishe salama, akupe na wewe sauti ya kumwimbia, na siku ukiimba usikose wa kukujibu.