Mbuzi Waliosilimu

Mama yangu hakuwahi kuwasemesha mbuzi wake kwa Kiarabu. Alizaliwa Unguja, akaja Mudhaibi, huku Uarabuni, mtu mzima, na Kiarabu chake kilibaki cha dukani: salamu, bei na kwaheri. Zizini nyuma ya nyumba kilikuwa Kiswahili kitupu. "Njoo, mwanangu. Wewe ondoka hapo, huna adabu." Majirani walimtania kwamba mbuzi wake hawajui Kiarabu, na kweli hawakujua.

Mwaka mmoja mbuzi wale wakazaa watoto wasiosimama. Walizaliwa wazuri, macho maangavu, lakini miguu ya nyuma imekakamaa, na mtoto asiyesimama hafiki kwenye chuchu. Mama aliwanywesha maziwa kwa chupa, akawakanda kwa mafuta ya nazi, na wakafa vile vile, mmoja baada ya mwengine. "Kwetu mbuzi akizalia kondeni, jioni akirudi na mwanawe nyuma," alisema, kwa sauti ya lawama, kana kwamba ni mimi niliyemhamisha.

Nikamleta daktari wa mifugo, Msudani mpole. Aliwapapasa, akauliza wanakula nini. Majani makavu ya kununua na tende. Akasema ardhi inayootesha majani hayo ina upungufu wa madini, na mbuzi mwenye mimba hampi mwanawe asichokuwa nacho.

"Hajati, mbuzi wako wanahitaji silinyum," alimwambia mama. Ndivyo Waarabu wanavyoyaita madini ya seleniamu.

Mama akanigeukia. "Anataka wasilimu?"

"Silinyum, mama. Ni dawa."

"Mwambie mbuzi hawa wanasikia adhana tangu wamo matumboni."

Daktari alisubiri nimtafsirie. Nilijaribu, lakini utani ule ukishatiwa Kiarabu haufiki popote. Akatabasamu kwa heshima tu, akanifundisha kazi: sindano chini ya ngozi wiki chache kabla ya kuzaa, kwa kipimo cha uzito wa mbuzi, maana dawa hiyo ikizidi ni sumu.

Tangu hapo nyumbani kwetu mbuzi hawakuchomwa sindano, walisilimishwa. Mama akinipigia simu kazini Ibra: "Yule mweusi bado hajasilimu. Njoo Ijumaa." Mimi nikichoma, yeye akishika pembe na kumwambia mbuzi pole. Na wakizaa nisipokuwapo, niliuliza neno moja kwenye simu, amesimama? Walisimama. Mama alisema dini imewaingia miguuni.

Mama alifariki mwaka jana. Ndugu zangu wakaona mbuzi wauzwe, nami sikubisha, ila yule mweusi nilimchukua kwangu Ibra. Alikuwa na mimba. Ndiye wa mwisho aliyelelewa kwa sauti ya mama, na nilitamani mwanawe asimame hata nikaona haya kumwambia mtu.

Daktari yule yule akanipimia dawa. Binti yangu, anayesoma chuo Nizwa, akashika pembe. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiarabu, kwa sababu kila alipojaribu bibi yake alimrudi: "Mbuzi si kiti, mjukuu wangu. Si inasimama, ni anasimama." Mbuzi akapiga mateke, akalia. Binti akambembeleza kwa Kiarabu, mbuzi akazidi kulia. Nikamwinamia sikioni: "Tulia, mwanangu. Pole. Ni kidogo tu." Akatulia. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua, maana tangu matanga yaishe sikuwa nimesema Kiswahili mle nyumbani. Sikuwa na wa kusema naye.

Alizaa asubuhi ya Ijumaa, binti yuko likizo. Mtoto mweusi kama mamake, amelowa. Alijaribu kuinuka akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena, akaanguka. Sote wawili tulipiga magoti kwenye majani. Mara ya tatu miguu ya nyuma ilitetemeka, ikashika. Akapepesuka mpaka kwenye chuchu, akaanza kunyonya.

"Mama," binti akasema polepole, kwa Kiswahili, "imesilimu."

"Amesilimu," nikamwambia.

"Amesilimu."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kutoa simu, nimpigie mama.