Nati Zilizolegea Chini ya Gari Jekundu

Mwenye gari alikuwa Mkenya, meneja wa benki huko Sandton, upande wa matajiri wa Johannesburg, na alikuja gerejini kwetu Yeoville akiwa amevaa viatu vya kuendea harusini. Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la zamani, jekundu, milango miwili, boneti pana kama kitanda cha sita kwa sita. Aliegesha, akatazama kushoto na kulia kama anayetafuta atakayemwibia.

"Fundi, difu imekufa," akaniambia. "Wataalamu wa magari haya wamebadilisha difu nzima, na bado inagonga huko nyuma."

"Kama wamekuwekea mpya, iliyokufa ni ipi?"

Badala ya kunijibu akanipa faili lenye kurasa alizochapisha kutoka mtandaoni, mistari imepigiwa rangi ya njano. Watu wa namna hii nawafahamu. Jibu wanakuja nalo kutoka nyumbani; kwako wanatafuta mikono ya kuchafuka tu.

Nikamwambia aendeshe, mimi nikae pembeni yake. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, ilipowaka kijani akaondoka, na nyuma kukagonga mara moja: ko! Tukiwa mwendoni, kimya. Akarudi rivasi: ko! tena. Difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma, ikiwa mbovu hulia, na mlio unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Haigongi mara moja ikanyamaza. Jambo hilo analijua hata mama anayetuuzia chai, lakini wale wataalamu walikuwa wameshaifungua difu ya watu.

Tuliporudi, mwenzangu, mzee wa Kirundi anayechomea vyuma, alikuwa amesimama getini.

"Iyo gari inatembea upande," alisema. "Kama mbwa."

Nikachukua kamba nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Upande wa kulia ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Maana yake ekseli ya nyuma ilikuwa imehama. Nikaingia chini na tochi. Bolti ya katikati, inayozuia ekseli isiteleze juu ya springi, ilikuwa imekatika, na zile bolti zilizopinda kama herufi U, zinazoibana ekseli kwenye springi, zimelegea hadi nati nazizungusha kwa vidole.

Nilicheka kwa sauti. "Aliyefunga hizi akauze nyanya! Huyu si fundi, ni mchinjaji!"

Mwenye gari akainama na simu, anarekodi. "Rudia hapo, fundi. Nitawaanika."

Nikarudia, na madoido juu. Kisha nikasogeza tochi nizione nati vizuri, nikaona washa, vile vibati vinavyokaa chini ya nati. Zilikuwa za pembe nne, zimekatwa kwa grainda kutoka springi kuukuu, kila moja imenyolewa kona. Washa za hivyo hukata yule mzee wetu wa Kirundi peke yake. Nikalikumbuka gari: lilikuwa la kahawia wakati ule, la mtu mwingine, mwenyewe ana haraka, nikamfungia springi mpya. Springi mpya ikitembea hulala, nati zinalegea, lazima zikazwe tena. Sikumwambia arudi. Nilitaka nafasi iwe wazi kwa gari lingine.

"Zima simu," nikasema. "Kazi hii ni yangu."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Yako? Gari hili lina historia, boss. Halijawahi kukanyaga Yeoville." Akalipigapiga faili lake.

Mzee alimwangalia, akaniangalia, akarudi kwenye moto wake.

Nikairudisha ekseli mahali pake, nikaweka bolti mpya, nikakaza mpaka mabega yakauma. Nikamwomba arudi baada ya wiki mbili nikaze tena. Akasema hilo atawapelekea wataalamu. Akaondoka, gari limenyooka, halina mlio. Video akairusha hata hivyo, na watu wakafurahia sana yule fundi mwenye mdomo mchafu anavyomsimanga mjinga asiyemjua.

Asubuhi yake nilichukua spana nikaenda katikati ya jiji, kwenye stendi ya teksi, zile daladala za huku, kumtafuta dereva ambaye teksi yake niliifungia springi wiki ileile ya gari la kahawia. Nilimkuta anasubiri abiria wajae. Nikalala kwenye lami, katikati ya mabeseni ya wachuuzi, nikaingiza spana. Kila nati ilikubali nusu mzunguko.

"Kwani ulizifunga vipi?" akauliza, ameinama dirishani.

"Vibaya," nikamjibu.